Daawa ya Cheo cha Berkeley

Katika nchi zetu mzee akiulizwa asili yake hutaja majina: mimi ni mwana wa fulani, naye ni mwana wa fulani, mpaka amfikie yule aliyefyeka msitu wa kwanza na kujenga. Masharifu wa Lamu na wa mahali pengine pa pwani huihifadhi nasaba yao katika karatasi, jina chini ya jina. Kwa siku nyingi hakuna anayebisha, kwa kuwa hakuna anayepoteza kitu. Lakini siku ile nasaba inapobeba shamba, au kiti, au jina kubwa, ndipo watu huanza kuuliza: Nani alishuhudia? Iliandikwa lini? Na aliyeiandika alikuwa na haja gani?

Tumekusudia kueleza daawa moja ya Uingereza ambayo ndani yake maswali hayo yaliulizwa mbele ya wakubwa wa nchi. Ni habari ya mama mmoja na wanawe, ngome moja, na daftari moja la kanisa. Nayo haikuishia Uingereza, kwa maana kanuni iliyothibitishwa na waamuzi katika daawa hiyo ilivuka bahari ikafika hata katika korti za kwetu.

Kwanza tueleze vyeo vyenyewe. Malodi wa Uingereza wana madaraja matano. La juu kabisa ni la duke, la chini ni la baroni, na la katikati ni la erli. Mwenye cheo cha kurithi alikuwa na kiti katika Baraza la Malodi, lililo sehemu ya Bunge la Uingereza, akaketi humo kutunga sheria bila kuchaguliwa na mtu. Mambo yalikuwa hivyo mpaka mwaka 1999, wengi wao walipoondolewa. Basi cheo hakikuwa pambo tu. Tena kina tabia moja ambayo msomaji aishike sana, kwa maana habari yote imejengwa juu yake. Baba aweza kuandika wasia akampa amtakaye ngome yake, mashamba yake na fedha zake. Lakini cheo hawezi kukitoa kwa wasia, wala kukiuza. Cheo huenda kwa mkondo wake kama maji ya mto, na kwa kawaida humwendea mwana wa kiume aliye mkubwa, aliyezaliwa katika ndoa halali.

Mtu akidai cheo ambacho watu wanakitilia shaka, humwandikia Mfalme kumwomba. Mfalme humpa mwanasheria wake mkuu aitazame hoja, na zamani jambo likiwa gumu lilipelekwa mbele ya halmashauri ya Baraza la Malodi. Hapo mdai lazima aonyeshe kila pete ya mnyororo: ndoa hii, kuzaliwa huku, kifo kile. Na kama anatoka katika tawi la mdogo, lazima athibitishe pia ya kuwa matawi ya wakubwa yamekauka, yaani kwamba fulani alikufa pasipo kuacha mwana halali. Tunadhani hiyo ndiyo kazi iliyo nzito kuliko zote, kwa sababu ni rahisi kumwonyesha mtu aliyezaliwa kuliko kuonyesha kwamba hakuzaliwa mtu.

Sheria ya Uingereza juu ya watoto waliozaliwa kabla ya ndoa ilikuwa kali. Hata wazazi wakija kuoana baadaye, mtoto aliyetangulia harusi hakuhesabiwa kuwa mwana halali. Maaskofu waliomba sheria hiyo ilegezwe katika mkutano wa Merton, mwaka 1236, maana sheria ya Kanisa ilimhurumia mtoto kama huyo. Lakini malodi wakakataa katakata. Ikakaa hivyo karibu miaka 700. Ilibadilishwa mwaka 1926, na hata hapo sheria mpya ilisema wazi kwamba vyeo vya kurithi havimo katika huruma hiyo.

Sasa tufike Berkeley. Ni mji mdogo katika jimbo la Gloucestershire, magharibi ya Uingereza, wenye ngome ya kale ambayo watu wa ukoo wa Berkeley waliishika tangu miaka ya 1100 na kitu. Ndani ya ngome hiyo ndimo alimofungwa Mfalme Edward wa Pili, naye yasemekana aliuawa humo mwaka 1327. Mwenye ngome wakati wa habari yetu alikuwa Frederick Augustus, Erli wa tano wa Berkeley, aliyezaliwa mwaka 1745 akarithi cheo angali mtoto wa miaka tisa.

Erli huyu alimpenda Mary Cole, binti wa muuza nyama wa Gloucester. Uingereza ya siku zile, erli kukaa na binti wa muuza nyama lilikuwa jambo la kunong'onwa. Kumwoa lilikuwa jambo la kushangaza. Wakakaa pamoja, wakapata wana. Wa kwanza, William, alizaliwa mwezi wa Desemba 1786. Maurice akazaliwa mwaka 1788, na wengine baada yake. Kisha, tarehe 16 Mei 1796, wakaoana kwa wazi katika kanisa la Lambeth, karibu na London. Miezi mitano baadaye, mwezi wa Oktoba, akazaliwa mwana mwingine, jina lake Thomas Moreton.

Tuseme neno moja kando, kwa sababu mwaka huo haupiti hivi hivi. Siku mbili kabla ya harusi hiyo, yaani tarehe 14 Mei 1796, huko huko Berkeley, daktari Edward Jenner alimchanja mtoto mmoja kwa usaha wa ndui ya ng'ombe, akaonyesha njia ya kukinga watu na ndui. Kila mwenye alama ya chanjo ya ndui begani mwake ana deni kwa mji huo mdogo. Bila shaka watu wa Berkeley siku zile waliongea zaidi habari za Erli na bibi yake kuliko za daktari.

Turudi kwenye daawa. Kama ndoa ya pekee ilikuwa ile ya mwaka 1796, basi mwana halali wa kwanza ni Thomas, wala si William. Huenda msomaji akauliza: je, Thomas aliyezaliwa miezi mitano tu baada ya harusi, naye mimba yake si ya kabla ya ndoa? Ndiyo, lakini wahenga wa pwani husema, kitanda hakizai haramu, na sheria ya Uingereza husema karibu maneno hayo hayo. Haitazami siku ya mimba, hutazama siku ya kuzaliwa. Aliyezaliwa nyumbani mwa mume na mke huhesabiwa ni wao. Hivyo miezi mitano ikamweka Thomas upande mmoja wa ukuta, na miaka tisa na nusu ikamweka kaka yake upande wa pili, nao ni wa tumbo moja na baba mmoja.

Lakini Erli na bibi yake walisema kwamba ile ya Lambeth haikuwa ndoa ya kwanza. Walisema kwamba walikwisha kuoana kwa siri katika kanisa la Berkeley tarehe 30 Machi 1785, kabla ya kuzaliwa William. Mwaka 1799 jambo hili liliingia mara ya kwanza mbele ya Malodi. Mwaka 1810 Erli akafa, na William, aliyekuwa akiitwa mrithi siku zote na aliyekwisha kuingia Bungeni, akadai kiti cha baba yake. Mwaka 1811 halmashauri ikaketi kumsikiliza.

Hapo lazima tujue daftari la ndoa lilikuwa kitu gani. Tangu sheria iliyopitishwa mwaka 1753, ndoa nchini Uingereza haikuwa ndoa mpaka ifungwe kanisani, baada ya kutangazwa Jumapili tatu au kwa ruhusa ya askofu, mbele ya mashahidi wawili, na kuandikwa katika daftari kwa sahihi za wote. Na mtu aliyeandika uwongo katika daftari hilo kwa makusudi, adhabu yake ilikuwa kifo. Basi daftari la Berkeley lilipoletwa mbele ya Malodi, na ndani yake mna maandiko ya ndoa ya mwaka 1785, halikuwa jambo dogo. Ama maandiko hayo ni kweli, na William ni Erli. Ama ni uwongo, na kuna mtu aliyetenda kosa la kunyongwa.

Kasisi aliyesemekana kuifunga ndoa hiyo, jina lake Hupsman, alikuwa amekwisha kufa, hakuweza kuulizwa. Mmoja wa mashahidi waliotajwa alikuwa ndugu wa bibi mwenyewe. Watu waliojua mwandiko wa kasisi waliitwa kuutazama, na ikadaiwa kwamba maandiko hayo yanafanana na mkono wa Erli kuliko mkono wa kasisi. Bibi mwenyewe akasimama kutoa ushahidi, mjane aliyefiwa majuzi, akaulizwa mbele ya wakubwa wote mambo ya ujana wake. Na juu ya yote hayo likawako swali ambalo hata mtoto wa shule angeliuliza: aliyekwisha kuoa mwaka 1785, kwa nini amwoe mke yule yule tena mwaka 1796?

Malodi wakaamua kwamba William hakuthibitisha dai lake. Hawakumtaja mtu kuwa ameghushi, wala hakuna aliyeshtakiwa. Cheo tu kilikataliwa.

Sisi tunaposoma habari hii hatuwezi kumchukia mama huyo. Sheria iliwagawa watoto wake, naye alitaka kuwaunganisha. Lakini hapo ndipo ugumu ulipo: shahidi aliye na haja kubwa kuliko wote ndiye aliyeijua kweli kuliko wote. Waamuzi wamfanyeje? Wasipomsikiliza, wamemkataa ajuaye. Wakimsikiliza, wamesikiliza upande mmoja.

Jambo hilo lilijadiliwa sana katika daawa hiyo, na kwa ajili yake mawakili wangali wakiitaja mpaka leo. Kwa desturi korti haikubali maneno ya mtu asiyekuwapo, maana hawezi kuulizwa. Lakini kwa nasaba ilibidi kulegeza, kwa sababu walioshuhudia arusi na uzazi wa zamani wamekufa wote. Kwa hiyo maneno ya jamaa waliokufa hukubaliwa. Hukubaliwa na maandiko katika kurasa za mbele za Biblia ya nyumbani, na maneno yaliyochongwa juu ya kaburi, na shajara ya ukoo iliyotundikwa ukutani watu wote waione, na hata pete yenye tarehe ya kifo ndani yake. Kwa maana nani atavaa kidoleni tarehe ya uwongo ya kifo cha mamaye, na jamaa zake waione kila siku wasiseme neno?

Waamuzi waliulizwa na Malodi: je, baba akiandika katika Biblia yake kwa mkono wake kwamba fulani ni mwanawe mkubwa aliyezaliwa katika ndoa, maandiko hayo yakubaliwe? Wakajibu kwamba yakubaliwe. Wakaulizwa tena: na kama baba huyo alisema ameyaandika makusudi, ili mwanawe asije akabishiwa? Wakajibu kwamba hata hivyo yapokewe, ila yatiliwe shaka kubwa, na uzito wake upimwe. Kisha wakaulizwa juu ya maneno ya jamaa yaliyosemwa baada ya ugomvi wenyewe kuanza. Hapo wakafunga mlango. Maneno hayo hayapokelewi kabisa, hata kama msemaji ni mtu mwema, hata kama aliapa.

Sababu yake ilikuwa imekwisha kuelezwa miaka michache kabla, na Lord Eldon, mkuu wa mahakimu wa Uingereza wakati ule. Alisema kwa maana hii, kwamba maneno ya jamaa huaminiwa yanapomtoka mtu moyo wake ungali umetulia sawasawa, hakuna kinachomvuta kuongeza wala kupunguza. Ugomvi ukiisha kuingia, moyo umekwisha kuegemea upande, na huenda mwenyewe hajui kwamba umeegemea.

Kanuni hiyo ilitiwa katika Sheria ya Ushahidi ya Bara Hindi ya mwaka 1872, iliyotungwa na James Fitzjames Stephen, na sheria hiyo ikaletwa Afrika Mashariki wakati wa utawala wa Waingereza. Kenya iliitumia mpaka mwaka 1963, na Tanganyika iliendelea nayo mpaka 1967, ambapo kila nchi ilijitungia sheria yake. Na katika sheria hizo mpya neno hilo limo bado, kwamba maneno ya marehemu aliyekuwa na njia ya kujua udugu wa watu ni ushahidi, mradi yalisemwa kabla ya ubishi kutokea. Makaburi na maandiko ya ukoo yametajwa pia.

Tufanye mfano wa kwetu. Mzee anamshika kijana mkono katika arusi, mbele ya wageni, anasema, "Huyu ni mwana wa marehemu ndugu yangu, mama yake tulimtolea mahari ng'ombe sita." Miaka ishirini inapita, mzee amekufa, na shamba la ukoo linagombaniwa. Maneno yale ya arusini yaweza kuletwa kortini na wale walioyasikia. Lakini ikiwa mzee aliyasema baada ya shamba kuanza kugombaniwa, huku ameketi baina ya jamaa wa upande mmoja, hayana nguvu hiyo. Kwa hiyo tunawasihi wanaojua kuandika: yaandikeni majina ya wazee wenu, na ndoa zao, na mahari zao, wakati nyumba ingali na amani, na tarehe ya kuandika iwekwe.

Siku hizi kuna shahidi mwingine asiyekuwako mwaka 1811, yaani vinasaba vya mwili. Mwaka 2016 halmashauri ya sheria ya Baraza la Siri la Malkia ilivikubali katika daawa ya cheo cha Pringle wa Stichill, huko Scotland, cheo kilichotolewa mwaka 1683; ikaonekana kwamba kilipita mahali pasipo pake tangu mwanzo wa karne ya 20, nacho kikarudishwa kwa tawi jingine. Hivyo kitanda cha wahenga kimepata mpinzani. Lakini vinasaba visingalimsaidia William hata kidogo, kwa maana hakuna aliyebisha baba yake ni nani. Kilichobishaniwa kilikuwa siku ya ndoa, na siku ya ndoa haimo katika damu.

Yakoje mambo baada ya hukumu? Ngome na mashamba William aliyapata kwa wasia wa baba yake. Akakaa Berkeley bila cheo, akiitwa Kanali Berkeley, mtu tajiri mwenye nguvu katika jimbo lake. Akajaribu tena kwa njia nyingine, akidai kwamba mwenye ngome ni baroni kwa sababu ya ngome yenyewe, asifaulu. Mwishowe Serikali ikampa cheo kipya, Baroni Segrave, mwaka 1831, na cha erli mwaka 1841, Erli FitzHardinge. Lakini cha Berkeley hakukipata. Akafa mwaka 1857 bila kuoa. Maurice, aliyekuwa amepanda hata kuwa amiri wa manowari, akarithi ngome, naye akajaribu njia ile ile ya ngome, akashindwa, akapewa cheo chake kipya mwaka 1861.

Na Thomas? Mwaka 1811 alikuwa kijana wa miaka 14. Kwa hukumu ile, yeye ndiye Erli wa sita wa Berkeley. Alipofikia utu uzima hakuhitaji kuleta shahidi hata mmoja. Ilimtosha kuomba tu. Hakuomba. Hakuketi katika kiti cha Malodi, wala hakujiita Erli, kwa sababu kukikubali cheo kulikuwa sawa na kutangaza kwa kinywa chake mwenyewe kwamba mama yake alisema uwongo, na kwamba ndugu zake ni wana wa nje ya ndoa. Mama alikufa mwaka 1844. Watu wakadhani huenda sasa atakiomba, kwa kuwa hakuna tena wa kuaibishwa. Akanyamaza vile vile, akaishi Cranford, karibu na London, miaka 38 zaidi, akafa mwaka 1882 akiwa na miaka 85, naye hakuoa.

Cheo kikamwendea binamu, Erli wa saba, na mrithi wake, Randal, akalazimika kwenda mbele ya Malodi kuthibitisha nasaba yake mwaka 1891, ndoa kwa ndoa na kifo kwa kifo, na mambo ya daftari la Berkeley yakasomwa upya baada ya miaka 80. Akakubaliwa kuwa Erli wa nane. Randal huyo alikuwa mtu wa elimu ya kemia, naye hakuacha mtoto. Alipokufa mwaka 1942 hakutokea mtu wa kuthibitisha haki ya kumfuata, na cheo kikalala. Ngome ilikwenda kwa jamaa wa mbali wa ukoo huo huo.